Namba za Seva ya Pili

Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, Nasike alichukua ufunguo kwa Madamu Akot, mwalimu wa kompyuta, akafungua madirisha ya chumba cha kompyuta na kuanza kufuta vumbi jekundu la Bukoto, mtaa wao wa Kampala, kwenye meza. Kompyuta zilikuwa ishirini. Rafiki yake Florence alifuta moja tu, ya saba, lakini aliifuta mara mbili.

Wote wawili walikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, darasa la saba. Wazazi wa Nasike walitoka Kenya, na baba yake alioka mikate katika duka la karibu. Florence alizaliwa Gulu, akahamia kambi ya jeshi ya Mbuya na familia yake kwa sababu baba yake, Sajini Ojara, alikuwa mwanajeshi. Walipokutana darasa la tatu, wote hawakujua Kiganda vizuri. Wakaanza kuongea Kiswahili, na hawakuacha tena.

Sasa Sajini Ojara alikuwa katika nchi ya mbali, akilinda amani. Kila Alhamisi saa kumi alipewa nusu saa ya kutumia mtandao wa kambi yao. Simu ya mama yake Florence haikuweza kuonyesha picha, kwa hiyo Madamu Akot alimruhusu Florence atumie kompyuta ya saba. Kwa miezi kumi na minne, hapo ndipo alipouona uso wa baba yake.

Alhamisi moja kompyuta zote zilikataa kuingia kwenye mtandao. Madamu Akot alikagua mashine iliyokuwa kwenye kona, akakuta imezimika.

"Hii ndiyo seva yetu," aliwaeleza. "Kila kompyuta ikiwashwa, huiomba anwani. Bila anwani haiwezi kutuma wala kupokea kitu, kama nyumba ambayo mpeleka barua hajui iko wapi. Seva ikilala, hakuna wa kugawa anwani."

Florence alikaa mbele ya kompyuta ya saba hadi saa kumi na nusu, mkoba magotini. Hakulia. Nasike aliona afadhali angelia.

Kesho yake Madamu Akot aliiamsha seva ile, lakini hakuiamini tena. Aliwaita wanafunzi wa klabu ya kompyuta. "Tutaweka seva ya pili," alisema. "Moja ikilala, nyingine iendelee kugawa." Alichora mistari miwili ubaoni. Seva ya kwanza ingegawa namba kumi na moja hadi sitini. Ya pili ingegawa sitini na moja hadi mia moja na kumi. "Zisigongane hata kwa namba moja. Kompyuta mbili zikipewa namba ileile, zitasumbuana, na zote mbili zitakosa mtandao."

Dawudi wa darasa la sita alipewa nyaya, kwa sababu mikono yake ilikuwa myepesi. Nasike, mwenyekiti wa klabu, alipewa kazi ya kuandika maelekezo ya seva ya pili.

Ilikuwa Ijumaa jioni, na uwanjani wenzake walikuwa wameshaanza kucheza netiboli. Nasike akaona njia ya mkato. Alinakili maelekezo yote ya seva ya kwanza, akayaweka kwenye ya pili, akabadilisha jina. Namba akajiambia atazibadilisha mwishoni. Kisha mtu akamwita kwa jina kutoka uwanjani.

"Umehakikisha namba?" Madamu Akot aliuliza akiwa anafunga dirisha.

"Nimehakikisha, Madamu," Nasike akajibu, akatoka mbio.

Jumatatu asubuhi walifanya jaribio. Madamu Akot alizima seva ya kwanza, na ile ya pili ikagawa anwani bila shida. Wanafunzi wakapiga makofi. Seva ya kwanza ikawashwa tena, zikafanya kazi zote mbili, na matatizo yakaanza. Kompyuta ya nne ilikatika, ikarudi. Ya tisa ikakatika. Zikawa kama zinapokezana.

"Ni nyaya," alisema Madamu Akot.

Dawudi alikata ncha za nyaya zote na kuzifunga upya. Jumanne alizikata tena. Vidole vyake vilivimba, akavipaka mafuta ya mgando, akaendelea. Siku hiyohiyo Nasike alitazama kompyuta ya nne, kisha ya tisa. Zote mbili zilikuwa na namba kumi na nne. Alielewa papo hapo, lakini chumba kilikuwa kimejaa wanafunzi, naye alikuwa mwenyekiti. Akazima skrini ya tisa na kunyamaza.

Jumatano Madamu Akot alimwambia Dawudi aweke koleo chini. "Umejitahidi, lakini nyaya zako zimetuangusha. Nitamwita fundi. Hawezi kufika kabla ya Jumatatu."

Dawudi aliweka koleo mezani taratibu, akatoka nje bila kumtazama mtu.

Alhamisi Florence alikuja shuleni na nywele zilizosukwa upya. Wakiwa wanafuta meza alisema, "Nasike, ikionekana leo haitawezekana, usiniambie mapema. Niache nikae pale hadi saa kumi na nusu. Mama anasema Baba naye alikaa hivyo wiki iliyopita."

Nasike aliweka kitambaa chini. Alitembea hadi ofisi ya walimu, na mlangoni alikaribia kugeuka. Akabisha hodi.

"Madamu, si nyaya. Ni mimi. Sikubadilisha namba za seva ya pili. Nilikwambia nimehakikisha, na sikuwa nimehakikisha. Tangu juzi najua, nikaogopa."

Madamu Akot aliinuka kitini. Hakupandisha sauti. "Twende ukanionyeshe," alisema.

Mbele ya seva ya pili alimwambia asome namba kwa sauti. "Kumi na moja hadi sitini," Nasike alisoma. Akafuta, akaandika sitini na moja hadi mia moja na kumi. Madamu Akot akavuta kiti karibu, wakasoma pamoja kila mstari, kisha wakazima kompyuta zote ishirini ili zikiwashwa ziombe anwani upya.

"Bado kuna kazi moja," alisema mwalimu, "na hiyo siwezi kukufanyia."

Dawudi alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyuma. Nasike akakaa kando yake.

"Kosa halikuwa la nyaya. Lilikuwa langu. Niliona unakata na kufunga, na nikanyamaza. Nisamehe, Dawudi."

Dawudi alivitazama vidole vyake. "Kwa hiyo nyaya zangu zilikuwa nzuri?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Zile za kwanza ndizo nilizozipenda zaidi," alisema. Kisha akainuka na kumnyooshea mkono amwinue.

Saa kumi kasorobo, kabla hawajawasha kompyuta hata moja, Dawudi aligundua kuwa taa ya seva ya kwanza haiwaki. Ilikuwa imelala tena, kama wiki iliyopita. Florence aliiona pia. Alikaa tu mahali pake.

Nasike alibonyeza kitufe cha kompyuta ya saba. Wakasubiri. Skrini ikawa bluu, ikawaza, ikawaza, halafu namba ikatokea: sitini na moja.

"Ni ya pili," Nasike alinong'ona. "Seva ya pili imeitikia."

Saa kumi na dakika mbili uso wa Sajini Ojara ulijaa kwenye skrini, umeungua kwa jua, umekonda. Alimwangalia binti yake.

"Nani amekusuka?" aliuliza.

"Mama."

"Geuka nione na nyuma."

Florence akageuka, polepole, akitabasamu huku machozi yakimtoka.

Madamu Akot aliwatoa Nasike na Dawudi nje, akafunga mlango kwa upole. Wakasimama barazani.

"Dawudi, nilikulaumu kabla sijachunguza. Nisamehe, bambi," alisema kwa neno la Kiganda la kubembeleza, naye Dawudi akaitikia kwa kichwa. Kisha Madamu Akot akamgeukia Nasike na kumwekea mkono begani.

"Mashine iliamini ulichoandika, na mimi niliamini ulichosema. Kukosea namba ni jambo dogo, mtoto wangu, tumelirekebisha kwa dakika kumi. Kilichotuchelewesha siku nne ni lile neno 'nimehakikisha'. Kazi ikikuelemea au ukiiacha nusu, niambie ilivyo. Wenzako wanaegemea neno lako bila wewe kujua. Leo umesema kweli ukiwa unaogopa, na ndiyo maana Florence anaongea na baba yake."