Meza Iliyokimbia Mvua

Ubao wa Boinali ulikuwa na urefu wa mita mbili na ushei, na mwenyewe hakuwa amezoea kubeba mbao. Alipogeuka kumjibu muuza ndimu aliyemsalimu, ncha ya nyuma ilizunguka katikati ya soko la Hell-Ville, kisiwani Nosy Be, ikapita juu ya mafungu ya mihogo, ikainasa shiromani nyekundu, shuka la kujitanda, ya mwanamke mmoja na kumvua kichwani mbele ya watu.

“Kaka, ubao wako hauna macho?”

Boinali akageuka tena amwombe radhi, na ubao ukageuka naye. Mwanamke akainama upesi. Wauza samaki wakaangua kicheko.

“Simama hapo hapo! Ukitaka kusema na mimi, sema ukiwa umenipa mgongo.”

“Nisamehe, dada,” Boinali akawaambia kuku waliokuwa mbele yake. “Sikukuona.”

“Hilo nimeligundua.”

Akasikia kidole kikigonga ubao, tok, tok, kisha mtu akiunusa. Kwa jicho la pembeni alimwona: mwanamke wa miaka ishirini na minane hivi, uso umepakwa liwa ya manjano, mikono miwili sasa ikifunga shiromani upya bila haraka.

“Unataka kuufanyia nini?”

“Meza ya kuandikia.”

“Nani atakutengenezea?”

“Mimi mwenyewe.”

“Wewe fundi?”

“Hapana. Mimi hupaka mashine grisi kiwandani Dzamandzar.”

“Basi fundi grisi, ubao wako ni mbichi. Ukiupigilia leo, baada ya mwezi utajikunja. Uanike kivulini, uweke vijiti chini yake, uugeuze kila Ijumaa. Ukikauka, njoo Marodoka, uliza kwa Bi Echata. Mimi ni Faouzia, mwana wa Mikidache seremala wa Mahajanga. Zana za baba yangu ninazo mimi.”

Alimwambia hayo kwa Kimalagasi, kisha akaongeza neno moja la kejeli kwa Kingazija, na Boinali, ambaye Kingazija chake kilikuwa cha kuokoteza, hakulielewa. Akalibeba hivyo hivyo pamoja na ubao hadi Dzamandzar.

Mwaka huo, 1979, Boinali alikuwa na miaka thelathini na minne, na alikuwa akihudhuria masomo ya jioni ya watu wazima. Mara tatu kwa wiki, kazi ikiisha, alioga, akavaa shati jeupe na kofia, akaenda kukaa kwenye benchi la watoto, magoti yakimgusa kifua. Alitaka cheti cha shule ya msingi. Nyumbani hakuwa na meza. Aliandika amelala kifudifudi juu ya mkeka. Mwalimu alimwambia, “Boinali, herufi zako zimelala kwa sababu na wewe umelala.” Kwa hiyo akanunua ubao.

Kila baada ya sala alimwomba Mungu mambo mawili, na aliyaomba kwa utaratibu: kwanza cheti, kisha mke. Aliona si adabu kwenda kuposa hali jina lake mwenyewe analiandika kwa kuchechemea.

*

Baada ya Ijumaa tisa alifika Marodoka na ubao wake na mbao nyingine kavu alizoongeza, juu ya mkokoteni, na daftari lenye mchoro. Faouzia aliutazama mchoro, akaugeuza juu chini, akaurudisha.

“Hii ni meza au punda?”

“Ni meza. Ina miguu minne.”

“Na punda anayo minne. Lakini punda ana mifupa inayoshika miguu isitawanyike. Yako iko wapi?”

Akamkalisha kwenye kiti uani, akamwambia akunje mkono kama anayeandika, akachukua uzi na kupima kutoka ardhini hadi kwenye kiwiko. Boinali alishika pumzi. Bi Echata, shangazi yake Faouzia, alikuwa barazani akichambua mchele, na macho yake hayakuwa kwenye mchele.

“Pumua, Fundi,” Faouzia akasema. “Ukivimba hivyo meza itakuwa ndefu.”

Wakachora upya: uso wa mbao tatu za mwembe, miguu ya katrafay, mti mgumu wenye harufu, mbao nne za kuizungushia miguu juu, na droo moja. Faouzia hakukubali misumari. Kila kiungo kilichongwa ulimi na tundu, kikafungwa kwa kijiti cha mti kilichopigwa kutoka upande.

“Baba alikuwa akisema misumari ni ya mtu asiyetarajia kuhama,” alimweleza. “Hii, ukigonga vijiti vikatoka, meza nzima inalala chini vipande vipande. Unaihamisha, unaisimamisha tena.”

Hakusema zaidi kuhusu kuhama. Baada ya siku mbaya za Desemba 1976, Wakomoro walipouawa Mahajanga, Mikidache alipanda ndege kwenda Komoro pamoja na wengine wengi, akafia huko. Faouzia alikuja Nosy Be kwa shangazi yake na sanduku moja la zana. Nyumba ya mama yake, mtaa wa Mahabibo huko Mahajanga, ambayo sasa ni yake, ilikuwa imefungwa kwa kufuli.

Boinali alikuja kila Jumapili. Alikata ulimi wa kwanza mwembamba mno, ukacheza ndani ya tundu.

“Huu umekonda,” Faouzia akasema. “Haujala tangu Ramadhani.”

“Niutupe?”

“Unatupaje mti mzima kwa kosa la unene wa kucha? Chonga kabari, uushibishe.”

Alijikata kidole kwa patasi mara mbili. Alijifunza kusukuma randa kwa kiuno badala ya mabega, na kusikia sauti inavyobadilika mti unapokuwa laini. Zaidi alijifunza kuja mapema na kuondoka kwa kuchelewa. Faouzia alianza kuweka kando kikombe chake cha chai, na ole wake mtu mwingine akikinywea.

“Fundi wangu,” alimwita Jumapili moja, kisha akajifanya anatafuta penseli.

Boinali alirudi Dzamandzar akitembea kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni. Akasali, akaomba. Cheti kwanza, ya Rabi. Mtihani ni Julai. Nisaidie ninyamaze hadi Julai.

*

Meza ilikamilika Jumapili ya mwisho ya Aprili. Boinali alikuja na rafiki yake Djaffar, dereva wa lori la miwa, waibebe. Barazani walikuwepo majirani kama saba, wamevaa vizuri, maana walikuwa wametoka kwenye akika. Faouzia alikuwa ndani, anachemsha chai.

Mvua ilikuja bila kubisha hodi, matone makubwa kama sarafu.

“Uso wa meza haujapakwa mafuta!” Boinali akapiga kelele. “Djaffar, shika!”

Wakaiinua, wakapita katikati ya wanawake, wakaingia mlangoni, wakavuka ukumbi. Chumba kilichokuwa wazi kilikuwa cha Faouzia. Wakaitua chini ya dirisha lake.

Nyuma yao baraza zima likalipuka kwa vigelegele.

Boinali alidhani wanaisifu meza. Akatoka akitabasamu, maji yakimtiririka kwenye kofia. Bi Echata alikuwa amesimama, viganja vyote viwili vimeinuliwa. “Alhamdulillah! Mwanangu, ungetuambia mapema tukapika!”

“Mpike nini, Bi Echata?”

Djaffar alimvuta shati na kumnong'oneza. Kwa Wangazija nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume ndiye anayehamia kwake, na kabla hajaingia mwenyewe huingiza vyombo vyake, kitanda, kabati, viti, mchana, watu wakiona. Kila mtu pale barazani alilijua hilo tangu utotoni. Boinali hakulijua. Baba yake, Mngazija, alifariki Boinali akiwa bado ananyonya, naye akalelewa na bibi yake Msakalava, mwenyeji wa kisiwani, kwenye nyumba za wafanyakazi Dzamandzar.

Akageuka. Faouzia alikuwa amesimama kwenye mlango wa ukumbi, birika mkononi, liwa usoni, na macho yake yalikuwa yameshajibu ndiyo.

Hapo ndipo Boinali alipoharibu. Alikuwa mtu mkweli, na akili yake ilikuwa Julai. Aliona ni wizi kuchukua kwa sababu ya mvua kitu ambacho hajakiomba kwa mdomo wake.

“Hapana, hapana,” akasema kwa sauti ya kusikika. “Samahani sana. Ni kwa ajili ya mvua tu. Kesho naitoa.”

Vigelegele vikakatika. Mama mmoja akakohoa. Faouzia akaliweka birika chini taratibu, akaingia chumbani. Muda mfupi baadaye wakasikia meza ikiburuzwa. Aliitoa peke yake, kupitia ukumbini na katikati ya wageni, akaiacha uani kwenye mvua.

“Usingoje kesho,” akasema.

*

Wiki mbili baadaye Faouzia alipanda meli ya Mahajanga kwenda kuifungua nyumba yake. Boinali alipata habari siku ya tatu.

Meza ilikuwa chumbani kwake Dzamandzar, ina alama za matone. Aliandikia juu yake kila jioni, na herufi zake zikaanza kusimama. Alisali pia, lakini sala zilimrudisha mahali pale pale: alichosema barazani kilikuwa kweli, lakini ni nusu ya kweli, na ile nusu nyingine ndiyo iliyokuwa yake Faouzia.

Juni alikwenda posta ya Hell-Ville, akaomba simu ya Mahajanga, kwenye duka la Zaharia, jirani yake Faouzia. Alingoja asubuhi nzima. Hatimaye akaitwa kwenye kibanda, na katika mngurumo akasikia sauti yake.

“Nani?”

“Boinali.”

“Nakusikia.”

Alikuwa amejiandalia maneno. Yote yakatoroka.

“Mguu,” akasema. “Mguu wa kushoto wa nyuma. Unayumba.”

“Umepiga simu kutoka Nosy Be kuniuliza habari ya mguu wa meza?”

“Na hali yako. Hujambo?”

“Sijambo. Gonga kijiti kiingie ndani zaidi.”

“Faouzia, siku ile...”

“Siku ile kulikuwa na mvua, Fundi. Ulishasema. Watu saba walisikia.”

Laini ikakatika. Ni mtambo au ni yeye, Boinali hakujua, na karani wa posta hakuweza kumwambia.

Julai alifanya mtihani. Matokeo yalibandikwa mlangoni mwa shule, akasoma orodha yote kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Hakuwemo. Hesabu alipata, imla ilimwangusha.

Ijumaa hiyo alikutana na Bi Echata nje ya soko. Mama yule alimtazama muda mrefu, kama mtu anayepima nguo.

“Boinali, mimi sina kinyongo nawe. Lakini ujue. Kuna mfanyabiashara wa vitambaa kule Mahajanga, Youssouf. Ametuma fundi akapime ukuta wa chumba cha Faouzia, kwa ajili ya kabati.”

“Na Faouzia amesema nini?”

“Amesema fundi apime tu, kupima si kuleta. Kabati likifika ndipo atakapojibu.”

Boinali alikwenda msikitini, akasali rakaa mbili, akabaki kwenye mkeka. Alikuwa amempangia Mungu ratiba, hiki kwanza, kile baadaye. Akaomba msamaha kwa hilo. Kisha akaomba jambo moja tu, bila cheti ndani yake, akaenda nyumbani kugonga vijiti vya meza.

Vilitoka kimoja kimoja, kama Faouzia alivyosema. Meza ikalala chini. Alifunga miguu kwa kamba ya mkonge, mbao za uso akazifunga kwa blanketi, vijiti akavitia ndani ya kofia yake ya sala. Akaomba ruhusa kazini. Boti ikamvusha hadi Antsahampano, na kutoka hapo malori, moja baada ya jingine, siku tatu za vumbi jekundu.

*

Mahajanga alifika saa nne asubuhi. Angeweza kumwendea kimya kimya. Badala yake aliisimamisha meza pale pale kituoni, kiungo kwa kiungo, akigonga vijiti kwa jiwe, watu wakimzunguka. Halafu akakodi wapagazi wawili, akawaambia wapite njia kuu, polepole, katikati ya barabara. Yeye alitembea mbele, shati lake jeupe limekuwa jekundu kwa vumbi.

Mahabibo wanawake walitoka barazani. Zaharia alitoka dukani na mizani mkononi.

“Hiyo ya nani?”

“Ya kwangu,” Boinali akajibu, sauti ikisikika hadi mwisho wa mtaa. “Naipeleka kwa Faouzia binti Mikidache, kama atanikubali.”

Faouzia alikuwa juu ya ngazi, anapaka mlango wake rangi ya kijani. Alikuwa na tone la rangi shavuni. Alimtazama, akaitazama meza, akautazama mguu wa kushoto wa nyuma. Halafu akainua kichwa, akaangalia mbinguni kwa makini.

“Kuna mvua inakuja?”

Ilikuwa Agosti. Mahajanga haikuwa imeona wingu kwa miezi mitatu.

“Hakuna,” Boinali akasema. “Nimeangalia kabla sijashuka kwenye lori.”

“Na cheti?”

“Nimeanguka.”

“Utafanya nini?”

“Nitasoma tena, nifanye mwakani.”

“Utaandikia wapi?”

“Hapa,” akaweka kiganja juu ya meza. “Ukiniwekea nafasi chini ya dirisha. Na kama kabati limeshafika, niambie sasa, niigeuze mbele ya watu hawa hawa. Nitakuwa nimestahili.”

Faouzia alishuka ngazi. Alipitisha mkono juu ya uso wa meza, pale palipokuwa na alama za matone.

“Kabati halijafika,” akasema. “Jana nimemwambia asilete. Nilimwambia chini ya dirisha pana mtu.” Kisha akawageukia wapagazi. “Mnangoja nini? Pitisheni. Taratibu, rangi ya mlango haijakauka!”

Zaharia ndiye aliyeanza vigelegele, mizani bado mkononi.

Chumbani waliitua chini ya dirisha. Sakafu ilikuwa ya saruji, iliyokarabatiwa vibaya, na mguu wa kushoto wa nyuma ukabaki hewani kwa unene wa kucha. Boinali alikunja kipande cha karatasi kukitia chini. Faouzia akamzuia.

“Hapana, moyo wangu. Huo utachongewa kabari. Nenda kaoge kwa Zaharia kwanza, kisha umtafute imamu. Patasi iko kwenye sanduku.”