Kifungu cha Tisa Sikukisoma

"Mzee, nani aliwasomea huu mkataba?"

Msuluhishi aliuliza kwa upole tu. Mimi nilikaa upande wa pili wa meza, upande wa kampuni.

Mzee Magesa akanitazama... halafu akatazama chini.

"Sikumbuki."

Wenzake kumi na mmoja nao wakasema hawakumbuki.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, niliwasomea mimi. Na kifungu cha tisa nilikiruka makusudi.

Naitwa Philomena. Baba yangu, Thobias, alifukiwa ndani ya duara, shimo la dhahabu huku Geita, nikiwa darasa la sita. Wachimbaji wenzake wakaamua kunisomesha. Kila walipopata mawe mazuri, fungu la marehemu lilikuja nyumbani kwetu kama vile bado yumo.

Nilipomaliza kidato cha sita nilitaka ualimu. Mzee Magesa, mkubwa wao, akaniambia tajiri akija machimboni huja na watu wawili, wa hesabu na wa sheria, wao wanabaki kukodoa macho. Wakaniomba nisome vyote viwili.

Nikasoma. Mchana darasa la sheria, jioni najiandaa na mitihani ya bodi ya uhasibu. Nilikonda, nikarudia masomo mawili, nusura niache. Mwishowe vyeti vyote nikavipata, na kampuni moja ya Kahama ikanichukua hata sijazunguka na bahasha. Walitaka hasa huo mchanganyiko.

Mwezi wa tatu kazini, bosi akanipa mkataba wa ubia na kikundi cha akina Mzee Magesa. Ulikuwa wa Kiingereza. Kifungu cha tisa kilisema baada ya miezi sita leseni yao ya kuchimba inakuwa mali ya kampuni.

Nikamwambia hawa hawatakubali. Akasema ndiyo maana anakwenda mtoto wao kuwasomea. Akaniahidi ukuu wa kitengo na gari.

Nikaenda...

Nikawaamkia, wakanikalisha kwenye kiti pekee kilichokuwepo, nikala ugali wao na dagaa wa Nkome. Nikawatafsiria kifungu cha nane, nikafunua ukurasa, nikaendelea na cha kumi. Wakasaini, wengine kwa dole gumba. Mzee Magesa akasema laiti baba yangu angeniona.

Miezi sita ilipoisha, walinzi wakafunga duara. Kikundi kikalalamika, ndiyo tukajikuta kwa msuluhishi.

Msuluhishi akawaeleza kwamba kama msomaji aliwaficha jambo, mkataba unaweza kufutwa. Ila wasipomtaja, basi, wameshasaini.

Mzee Magesa akashika fimbo yake, wenzake nao wakaanza kuinuka waondoke.

Pembeni yangu bosi alikuwa anatabasamu.

Hapo nikaelewa. Nilikuwa nasubiri kuapishwa uwakili, na kunitaja kungenimaliza. Wale wazee walikuwa tayari kupoteza duara kuliko kunitaja.

Nikasimama.

"Niliwasomea mimi. Kifungu cha tisa nilikiruka."

Bosi akanivuta mkono nikae. Sikukaa. Nikaeleza yote, msuluhishi akaandika, nikatia saini.

Nje nilipiga magoti mbele ya Mzee Magesa. Nikamwomba msamaha, nikamwambia nilidhani hawatajua.

"Tulijua kesho yake, ng'wanone," akasema, yaani mwanangu kwa Kisukuma, alivyozoea kuniita. "Katekista Pantaleo alitusomea nakala yetu."

Jamani... miezi sita! Miezi sita walikuwa wanajua. Pasaka waliniletea kuku. Mama alipougua ni wao waliompeleka hospitali. Kila nikipiga simu waliniuliza kazi inaendaje.

Nikamuuliza kwa nini hawakusema.

"Tulisubiri useme wewe."

Hakuniinua. Akanipita.

Mkataba ulifutwa, duara wakarudishiwa. Mimi kazi sina, na maombi yangu ya uwakili yamesimamishwa. Nimepanga chumba Nyahanga, hukohuko Kahama, nawaandikia watu barua na kuwajazia fomu.

Wewe unayesoma uhasibu na sheria kwa pamoja, komaa, ajira zipo, sikudanganyi. Ila ujue kuna watu watakuamini wewe kuliko karatasi uliyoishika. Ukiwauza hao, hakuna cheti kitakachokufanya ujitazame kwenye kioo.

Mzee Magesa bado anapokea simu yangu. Nasema shikamoo, anaitikia marahaba, ananiuliza hali, anakata. Ameshaniambia nyumbani ni kwangu, niende siku yoyote.

Bado sijaweza kwenda.