Mke Wangu Yuko Ghorofa ya Tatu

"Njoo saa tisa kama kawaida. Leo niko peke yangu."

Ujumbe uliingia kwenye simu ya mkewe, na mtumaji ameandikwa "Juu", basi. Fundi Kioo aliusoma mara tatu, akairudisha simu mezani palepale ilipokuwa. Mkewe alikuwa bafuni anaoga.

Wao walikaa ghorofa ya pili. Juu ya vichwa vyao, ghorofa ya tatu, alikaa nesi mstaafu na mwanawe, dereva wa lori, kapera, mrefu, mwenye salamu nyingi. Moyo wa fundi ukaanza kuunganisha mambo wenyewe. Miezi miwili sasa mkewe, mwalimu wa darasa la kwanza, akirudi shule anakula haraka haraka, na saa tisa huyo, katoka. Akiulizwa anasema ananyoosha miguu. Anarudi jioni kachangamka. Na kulala alishahamia sebuleni, eti chumbani kuna joto.

Saa tisa kasoro kidogo mwalimu akajifunga mtandio.

"Unakwenda wapi?"

"Si mbali."

"Si mbali ni wapi, mke wangu?"

Alimtazama kama mwenye neno, kisha akalimeza. "Nitarudi kabla ya magharibi."

Fundi alisikiliza nyayo zake kwenye ngazi. Hazikushuka, zilipanda. Akaacha kazi ikiwa mbichi mezani, akatoka na glovu zake mikononi.

Hakupiga hodi. Aliusukuma mlango wa ghorofa ya tatu huku maneno yote aliyoyapanga njiani yakiwa kwenye ncha ya ulimi, na hapo hapo yakamkauka. Dereva hakuwepo. Mkewe alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amevikwa barakoa ya kuvutia dawa, mashine ndogo inanguruma miguuni, mabega yanapanda na kushuka kwa tabu. Bibi Nesi alikuwa amemshika kifundo cha mkono, anahesabu mapigo huku akitazama saa.

Bibi wala hakushtuka. "Karibu, baba. Umechelewa miezi miwili, lakini karibu."

"Anaumwa nini?"

"Wewe," Bibi Nesi akamjibu. "Kazi yako, niseme vizuri."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kiwanda alichokitumikia miaka kumi na mmoja kilipofungwa, fundi alikaa mwaka mzima akitazama sakafu. Kisha akajifunza kumimina rezini: vimiminika vya chupa mbili, ukivichanganya na kuvimwaga kwenye kalibu vinaganda na kung'aa kama kioo. Ndani yake alitia maua ya arusi za watu, majani, barua za zamani. Wateja wakaja, na jina la utani likaja nao. Chumba cha pili kikageuka karakana. Dirisha alilifunga, maana vumbi likitua kwenye kazi mbichi linaiharibu. Harufu nayo alijiona kaipatia dawa: aliweka feni iisukumie kwenye tundu la hewa la bafuni, ikapotelee huko.

Kumbe tundu lile ni la jengo zima. Alichokisukuma kwake kiliibukia bafuni kwa wenzake, na kilichobaki kilipenya chini ya mlango hadi chumba cha kulala. Pua yake yeye ilishazoea. Nyani haoni kundule.

Bibi Nesi alimweleza yote bila kupandisha sauti. Wapangaji walishaandika barua ya kutaka afukuzwe. Ilikuwa humo humo ndani, kwenye droo ya nesi, ina sahihi za milango yote isipokuwa wa nesi mwenyewe. Haikufika kwa mwenye nyumba kwa sababu mwalimu alipita mlango kwa mlango akiwaomba wampe mumewe muda. Hospitali walishamwambia kifua chake kimechomwa na mvuke ule, na kila mchana alipanda hapa kuvuta dawa na kupumua hewa safi ya dirishani.

Fundi alichuchumaa mbele ya kiti. Alivua glovu kwanza.

"Kwa nini hukuniambia?"

Mwalimu alisogeza barakoa pembeni. Sauti ilikuwa ya kukwaruza.

"Ule mwaka uliokaa kimya nilikuwa nakula na ukuta. Halafu siku moja nikasikia unapiga mluzi chumbani. Nikasema, kumbe mume wangu yuko hai. Ningekuambiaje kwamba kinachokupigisha mluzi ndicho kinachonikaba?"

"Ungeniambia hivyo hivyo."

"Nilisema kesho. Kila siku kesho."

"Na mimi leo nilikuja kufumania," alisema, na aibu ikamshusha macho.

Bibi Nesi alicheka mpaka akashika kiuno. Mwanawe alikuwa ameondoka na lori alfajiri ile. Tena kijana huyo, alisema, alifundishwa kusoma na mwalimu, na mpaka leo akimwona anaficha sigara.

Siku ile nesi akatoa amri: mwalimu asilale kwake mpaka hewa ya huko iwe ya watu. Begi likapanda ngazi. Fundi akazima feni, akafungua madirisha yote, akawapigia wateja simu kuwaambia wasubiri. Wengine wakaenda zao. Kisha naye akapita mlango kwa mlango kuomba radhi. Fundi cherehani wa ghorofa ya nne alimsema robo saa nzima, naye akasimama akasikiliza yote, akashukuru.

Wiki tatu alifanya kazi na fundi bati. Wakatengeneza kabati la mbao lililozibwa kwa mpira kila pembe, kazi imiminwe na kukaukia humo. Nyuma wakaweka feni ya kuvuta, na bomba la bati likatoka dirishani, likapanda ukutani hadi juu ya paa. Tundu la bafuni likaachwa kwa hewa ya bafuni. Barakoa yake ya kitambaa, ambayo huzuia mvuke kama chujio linavyozuia maji, akaitupa, akanunua ya mpira yenye vichujio vya mkaa.

Kila jioni alipanda na kupiga hodi kwa mkewe mwenyewe kama mchumba, Bibi Nesi akikaa katikati na kufuma sweta. Akishuka, simu inalia.

"Umekula?"

"Mkate."

"Jana mkate, juzi mkate."

"Nisamehe, mke wangu."

"Nilishakusamehe. Ziba pembe ya chini kushoto ya kabati, Bibi alishuka kulikagua anasema bado inanuka."

Siku ya jaribio Bibi Nesi alikaa bafuni kwake juu ya kigoda saa nzima, chini rezini inamiminwa. Fundi akampigia.

"Vipi, Bibi?"

"Nasikia sabuni yangu tu."

Jumapili wapangaji wakakutana chini penye ngazi. Fundi akaomba amimine asubuhi tu, watu wakiwa makazini, na siku yoyote harufu ikirudi asimamishe. Wakakubali. Bibi Nesi akaichana barua. Ndipo fundi, mtu asiyezoea kusimama mbele za watu, akasimama.

"Niliyedhani ananikimbia, kumbe alikuwa anapita milangoni kwenu kunishika nisianguke. Asanteni kwa kumsikiliza. Bibi, asante kwa pumzi yake. Na wewe, mwalimu, asante. Ningekuwa na neno kubwa kuliko hilo ningelisema."

Fundi cherehani akapenga kamasi, akasema ni mafua.

Watu walipotawanyika wale wawili wakapanda pamoja. Walipofika ghorofa ya pili mwalimu aliendelea kwa mazoea, mguu wake ukiwa tayari kwenye ngazi inayofuata. Akasimama. Akageuka, akashuka.

"Ufunguo unao?"

"Sijafunga mlango tangu siku uliyopanda."

"Na wezi je, mume wangu?"

"Wangeiba nini? Cha thamani kilikuwa juu."

Mwalimu akacheka, cheko refu la kutupa kichwa nyuma, na halikukatwa na kikohozi.