Feza Apelekwa Radio

Kila asubuhi, pale Kasongo, Mama Binti alimwogesha mjukuu wake Feza uani. Baada ya maji ni mawese. Baada ya mawese ni kunyoshwa. Alimvuta mikono, akamvuta miguu, kisha akamning'iniza kidogo kwa mkono mmoja ili mifupa ikaze. Watoto wote wa mtaa walinyoshwa hivyo, nao wakakua vizuri.

Feza alikuwa bado hajatembea, na paja lake lilikwisha kuvunjika mara moja. Asubuhi moja alilia kilio kile kile cha siku ile, na mkono wake ukavimba.

"Aziza!" Mama Binti alimwita mke wa mwanawe. "Usiku ulimulalia huyu mutoto? Ao ulimuangusha?"

"Hapana, mama. Sikumuangusha."

"Mutoto havunjike bure. Kama huwezi kulea, utarudi kwenu Wamaza. Feza atabaki hapa."

 Aziza aliijua nyumba hiyo: neno la Mama Binti likitoka limetoka. Sumaili, mume wake, ni mpole, lakini mbele ya mama yake hufunga mdomo.

Isitoshe, Aziza alikuwa na siri. Paja lilipovunjika, Munganga Faradji wa hospitali alimwambia, "Mutoto apite ku radio." Aziza hakurudi tena. Radio ya Kasongo inasikika mbali! Aliona akilini watu wote wakisikia kwamba yeye anavunja mtoto wake. Nani angemwamini?

Safari hii hakuwa na njia ya kukwepa. Walikwenda wote hospitali, Sumaili na mama yake pia.

"Munganga," Aziza alisema kwa sauti ndogo, "niko naomba. Musitutangaze ku radio."

Faradji alishangaa, kisha akatabasamu. "Pole, mama. Sikukuelezea. Radio hii haiseme kitu. Ni foto ya mifupa. Haiumi."

Sumaili alicheka. Aziza hakucheka.

Foto ilipotoka, Faradji aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Muone. Hapa mukono umevunjika leo. Lakini hapa palivunjika zamani, pakajiunga penyewe. Na hapa pia. Mifupa ni myembamba. Ile ya kichwa haikuvunjika, lakini imejipanga vipande vidogo vidogo."

Mama Binti akamgeukia Aziza. "Umesikia? Umemuumiza mara ngapi?"

"Ngoja, mama. Foto peke yake haimalizi maneno." Faradji alimtazama Feza machoni. Weupe wa macho ulikuwa na rangi ya bluu. Akamtazama Sumaili. Macho yale yale. "Baba Feza, wewe ulivunjika utotoni?"

"Mikono yote miwili," Sumaili alijibu. "Na muguu."

"Basi tukiweka yote pamoja, huu ni ugonjwa wa mifupa dhaifu. Mutu anazaliwa nao. Umetoka kwa baba, umeingia kwa mutoto. Hakuna mwenye kosa. Hauponi, lakini tunaweza kupunguza kuvunjika. Musimunyoshe tena. Musimuvute mikono. Mukimubadilisha nguo, musimuinue kwa miguu. Kiganja kimoja chini ya matako, kingine chini ya kichwa na mabega. Mukizaa mwingine, mumulete mapema. Anaweza kuwa nao ao hapana."

Akaufunga mkono wa Feza taratibu.

Mama Binti alikuwa amekaa sakafuni. "Sumaili alipovunjika," alisema, "mama-mukwe wangu na mawifi wangu walinifukuza. Niliporudi, mutoto alikuwa anatembea. Hakunijua. Na mimi nilikubali kosa. Nilisema, labda kweli nilimulalia."

 Aziza akaketi karibu naye.

Mkono wa Feza ulipona. Tangu hapo hajavunjika tena, ingawa Aziza bado anashtuka kila akilia. Siku moja shangazi zake Sumaili, wale mawifi wa Mama Binti, walikuja kuuliza: huyu mwanamke anarudi kwao lini? Mama Binti aliwatokea mlangoni, Feza amelala juu ya viganja vyake viwili.

"Aziza haende popote," alisema. "Na kama mulikuja kwa mambo ya mifupa, mukae chini. Muniombe kwanza mimi musamaha."