Mlango wa Mashine ya Mkonge

Rafiki yangu Hosiana, wa Kilole, haamini mashine kwa kuambiwa. Mwaka 1998 mmiliki mpya wa shamba moja la mkonge Korogwe alimwita ahakiki programu inayoendesha mashine ya kuchakata majani ya mkonge kwa visu, kabla Kimaren, fundi kutoka Handeni, hajaanza kuisafisha ndani kwa mikono.

"Dada, mikono yangu ni miwili tu," Kimaren alimtania. "Usinipunguzie."

Jioni moja ya mawingu, katika ofisi iliyo jirani na banda la mashine, kompyuta ya Hosiana ilimaliza kupitia kila hali ambayo mashine ingeweza kuwamo, ikachapa kwenye karatasi njia moja ya hatari: umeme unakatika, mlango unafunguliwa, umeme unarudi, visu vinazunguka mlango ukiwa wazi.

Hosiana hajaiweka chini karatasi, umeme ukakatika. Giza likajaa ofisini. Kule bandani komeo la mlango wa mashine likalia.

"Kimaren! Toa mkono!"

"Niko nyuma yako, dada. Na banda nimelifunga, ufunguo ninao mimi."

Wakatega masikio. Taa juu yao haikuwaka. Lakini bandani visu vilianza kuzunguka, taratibu, kisha kwa kasi. Halafu mlio ukawa mzito, kama unavyokuwa kila mara mashine inapolishwa jani la mkonge.