Kicheko Ndani ya Video

Jumatatu, tarehe 12 Mei 2025. Asubuhi hiyo mji wa Morogoro uliamka ndani ya ukungu. Milima ya Uluguru haikuonekana kabisa, na manyunyu yalikuwa yakidondoka juu ya mabati ya nyumba za Kilakala tangu kabla ya adhana ya alfajiri.

Sabra, mwanafunzi wa darasa la saba, alikuwa jikoni akichemsha chai. Kutoka chumbani alimsikia mama yake, Mwanaasha, akimalizia dua. Dua ya mama ilikuwa ndefu, na kila siku iliishia mahali pale pale: "Ya Rabbi, nisaidie nisome, nielewe, nipate kuwahudumia waja wako." Kisha mswala ulikunjwa, na mazoezi yakaanza.

Mwanaasha alikuwa mhudumu katika zahanati moja mjini kwa miaka kumi na minne. Alifagia wodi, akatandika vitanda, akawashika mikono wagonjwa waliokuwa wakichomwa sindano. Mwaka huu, akiwa na umri wa miaka arobaini na moja, alikuwa amejiunga na chuo kusomea stashahada ya uuguzi. Mchana alifanya kazi, jioni alikaa darasani na vijana ambao angeweza kuwazaa. Masomo ya mwili wa binadamu hayakumtisha. Kilichomtisha ni Kiingereza, kwa sababu kila kitu chuoni kiliandikwa na kusemwa kwa lugha hiyo. Yeye alizaliwa Matombo, huko milimani Uluguru, akakua na Kiluguru, akakutana na Kiswahili darasa la kwanza. Kiingereza alikisoma kidogo sana, tena zamani.

Alhamisi ya wiki hiyo kulikuwa na mtihani wa kuzungumza. Kila mwanafunzi angesimama kando ya kitanda na kutoa taarifa ya mgonjwa kwa Kiingereza, kama wauguzi wanavyokabidhiana zamu. Atakayefaulu angekwenda hospitalini mwezi Juni kujifunza kwa vitendo. Atakayeshindwa angebaki.

"Sabra, mwanangu, njoo unisikilize," mama aliita. "Wewe unasoma shule ya Kiingereza, utanisahihisha."

Sabra alikwenda akiwa ameshika simu ya mama iliyokuwa ikichajiwa jikoni. Kitandani mama alikuwa amelaza mto, akaufunika khanga hadi juu kama mtu aliyelala. Huyo ndiye aliyekuwa mgonjwa.

Mama alinyoosha gauni lake, akausogelea mto, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mzee," alisema taratibu. Akasubiri. Kisha akajijibu kwa sauti nzito, "Marahaba, mwanangu." Hapo ndipo alipogeukia ukutani, kana kwamba kuna wauguzi wenzake, na kuanza taarifa yake kwa Kiingereza. Alisema presha ya mgonjwa, akakwama. Akarudi mwanzo, akakwama tena pale pale. Matamshi yake yalipanda na kushuka kama ya watu wa mlimani.

Sabra aliona kichekesho. Bila kufikiri aliinua simu, akarekodi, na mwishoni kicheko kikamtoka. Mama alidhani anachekea mto, naye akacheka. "Haya, niambie nimekosea wapi?"

"Umesema vizuri tu, mama," Sabra alijibu haraka.

Mama alipotoka kwenda kuoga, Sabra aliituma ile video kwa rafiki yake Furaha, ambaye alizoea kutumia simu ya kaka yake, Oscar. Baada ya hapo aliifuta kwenye simu ya mama.

Shuleni, Furaha alimpokea kwa kuinama hadi magotini. "Shikamoo, mto!"

"Marahaba, mwanangu!" Sabra alijibu kwa sauti nzito, na wasichana wote waliokuwa pale walicheka hadi kengele ikagongwa. Wala hakukumbuka kwamba Oscar alikuwa anasoma uuguzi, tena darasa moja na mama yake.

Jumanne mama alirudi kutoka chuoni mapema kuliko kawaida. Alivua viatu mlangoni, akapita moja kwa moja chumbani. Sabra alipomfuata na maji ya kunywa, alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, ile khanga ya mgonjwa ikiwa imekunjwa vizuri mapajani mwake.

"Sabra," alisema bila kumtazama. "Kwenye grupu letu la darasa kuna video yangu. Nimeingia darasani leo, vijana wote wakasimama wakaniambia, shikamoo, mto. Nani alinirekodi?"

Sabra aliyaweka maji chini. "Sijui, mama. Labda Devotha wa jirani. Dirisha lilikuwa wazi."

Devotha alikuwa mtoto wa miaka tisa asiye na simu. Mama aliikunjua ile khanga, akaikunja upya. "Haya," alisema mwishowe.

Kuanzia jioni hiyo hakukuwa na mazoezi tena ndani ya nyumba ile. Mto ulirudi kuwa mto. Sabra aliosha vyombo bila kuambiwa, akadeki, akapiga pasi sare ya mama. Lakini ukimya uliendelea kukaa kati yao kama mgeni asiyeaga.

Alhamisi mama aliomba dua, akaondoka na daftari lake. Aliporudi, hakuuliza chakula. Alichukua vitabu vyote vya chuo, akavitia kwenye mfuko wa salfeti, akaufunga kwa kamba.

"Mtihani vipi, mama?" Sabra aliuliza kwa woga.

"Nilisimama kando ya kitanda. Kila kitu nilikuwa nacho kichwani. Nilipotaka kumsalimia mgonjwa, mtu nyuma akacheka kidogo. Sauti haikutoka, Sabra. Nilisimama tu kama nguzo mpaka muda ukaisha." Mama aliusukuma mfuko uvunguni. "Basi. Nilizaliwa kufagia wodi, nitafagia. Kazi ni kazi."

Usiku huo waliposali pamoja, mama aliwaombea wagonjwa wa zahanati, akamwombea baba yake Sabra aliyekuwa safarini na lori, na mwisho akamwombea Sabra afaulu mitihani yake. Ile dua ya siku zote hakuisema. Sabra alifungua mdomo aitikie amina, lakini neno halikutoka, maana aliyekuwa akiombewa heri ndiye aliyefanya uovu.

Jumapili baada ya swala ya alasiri, mtu alibisha hodi. Alikuwa mwalimu Agustino, anayefundisha Kiingereza chuoni, mzee mwembamba mwenye miwani. Sabra alimwamkia, akamkaribisha kwenye kiti.

"Mama Sabra, Ijumaa sikukuona," mwalimu alianza.

"Nimeacha, mwalimu. Nisamehe kwa kukusumbua kuja mpaka huku. Umri umenitupa. Vijana wameshaniona, na wana haki ya kucheka."

"Hawana haki hiyo hata kidogo."

Sabra alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Aliliweka sinia chini, akapiga magoti palepale.

"Mama, ni mimi," alisema, na machozi yakamtoka. "Siyo Devotha. Mimi ndiye niliyekurekodi, nikamtumia Furaha, nikafuta. Nilikudanganya."

Mama hakushtuka. "Nilijua," alisema. "Nilijua tangu Jumanne. Mwisho wa video mtu anacheka, na kicheko cha mwanangu nakijua tangu ana miezi mitatu." Alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Wale vijana hawakuniumiza sana. Watu wazima wameshanicheka sana maishani. Niliumia kwa sababu wewe ndiye niliyekuchagua unisikilize. Watu wote duniani, niliona aibu kukosea mbele yao isipokuwa wewe. Halafu nikakuuliza, nikakupa nafasi, ukamsingizia mtoto wa watu."

Sabra alilia kwa sauti. Mama hakumnyamazisha. Mwalimu Agustino alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Hata mimi nina kosa," alisema kwa sauti ya chini. "Jumanne niliwakuta wakicheka, nikawaambia tu, kaeni kimya, tuendelee. Kosa kama lile halikustahili kunyamaziwa hivyo. Sikiliza, Sabra. Mtu mzima anapojifunza lugha, anarudi kuwa mtoto mbele za watu. Hawezi kuijua bila kuisema, na hawezi kuisema bila kukosea. Hana njia nyingine. Anayekosea akisaidiwa, kesho atasema zaidi. Akichekwa, anafunga mdomo, na kwa muuguzi mdomo uliofungwa unaweza kumgharimu mgonjwa. Na jambo jingine. Katika ile video niliyoonyeshwa, mama yako alimsalimia mgonjwa kabla ya kuanza kumtaja mbele ya watu. Kwenye mtihani, darasa zima, wenye Kiingereza kizuri, hakuna hata mmoja aliyefanya hivyo."

Mama aliinua uso kwa mara ya kwanza.

"Naweza kufanya mtihani tena, mwalimu?"

Mwalimu alisogeza kiti karibu. "Marudio ni Septemba. Mwezi Juni wenzako watakwenda hospitalini, wewe utabaki nyuma yao. Hilo siwezi kulibadilisha, na sitakudanganya."

Mama aliitikia kwa kichwa polepole. Miezi mitatu na zaidi ilikuwa imepotea, na kilio cha Sabra hakikuweza kuirudisha. Hata hivyo aliinama, akauvuta ule mfuko kutoka uvunguni, akaanza kufungua kamba. "Kesho nitakuja," alisema. "Sabra naye atakuja. Lakini kwanza aende kwa kina Devotha."

Sabra alikwenda, akamwomba radhi Devotha mbele ya mama yake. Haikuwa kazi rahisi, kwa kuwa mama Devotha alimtazama kwa muda mrefu kabla ya kusema, "Tumekusikia."

Jumatatu saa kumi na moja jioni Sabra aliingia darasani chuoni akiwa na sare ya shule, nyuma ya mama yake. Vijana thelathini walikuwa wamekaa. Hakuna aliyecheka. Mwalimu Agustino alikuwa ameshazungumza nao, na Oscar alikuwa anatazama meza.

Oscar ndiye aliyesimama kwanza. "Mama Sabra, video niliiweka mimi kwenye grupu. Nimeiondoa, lakini najua ilishafika mbali. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mwanangu," Mwanaasha alisema. "Kaa."

Kisha alimshika Sabra bega, akamsogeza mbele. Sabra aliona nyuso zile zote zikimtazama, akaelewa kidogo jinsi mama yake alivyojisikia Alhamisi kando ya kile kitanda. Alitafuta sauti, haikuja. Mama alimbana bega, akamsubiri bila haraka. Wote wakasubiri.

"Mimi naitwa Sabra Hatibu," alisema mwishowe. "Mama yangu aliniamini, nikamcheka, nikamdanganya. Kwa sababu yangu hatakwenda hospitalini na ninyi. Naahidi mbele ya mwalimu na mbele yenu nyote, sitamcheka tena mtu yeyote anayejifunza kusema. Na kila siku mpaka Septemba, Mungu akipenda, nitakaa na mama nimsikilize, akikwama nitamsubiri, na nitamsahihisha kwa adabu mpaka amalize."