Sauti Iliyokosa Nakala

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi wengine walikimbilia uwanjani, lakini watoto wa klabu ya kompyuta walielekea chumba cha mwisho, kile chenye nondo madirishani na feni moja iliyozunguka kwa kulalamika. Walifagia, wakafuta vioo kwa kitambaa kikavu, wakachomeka nyaya zilizochomolewa na wakorofi wa mchana, ndipo wakaruhusiwa kuwasha mashine. Kiongozi wao alikuwa msichana wa darasa la saba ambaye shule nzima ilimwita Chapuchapu. Alikula chapuchapu, aliandika chapuchapu, na mama yake, fundi cherehani, alipenda kumtania kwamba siku ya kuzaliwa hakumpa mkunga hata nafasi ya kuvaa glavu.

Pembeni mwa chumba, juu ya meza ya chuma, ilikaa seva, kompyuta kubwa iliyohudumia shule nzima.

"Mnaiona moja," Mwalimu wa kompyuta alikuwa akiwaambia wanafunzi wapya, "lakini ndani yake mna kompyuta tatu zisizo na mwili. Tunaziita kompyuta pepe. Ni kama nyumba ya vyumba vitatu. Kila mpangaji ana mlango wake na ufunguo wake, ila paa wanachangia."

Kompyuta pepe ya kwanza ilitunza alama za wanafunzi. Ya pili ilikuwa ya maktaba. Ya tatu ilihifadhi sauti, na hiyo ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Shuleni hapo walisoma watoto kadhaa wasioona, na vitabu vya nukta nundu havikutosha. Kwa hiyo wenzao walisoma masomo kwa sauti, yakarekodiwa, nao wakayasikiliza. Mmoja wa wasikilizaji hao alikuwa mvulana aliyeitwa Redio, kwa kuwa habari zote za shule zilimfikia kabla hazijamfikia mwalimu mkuu. Na msomaji aliyewapita wote alikuwa msichana mwembamba waliyempa jina la Kinanda. Alikuwa na sauti ya chini, tulivu. Akisoma habari za mizizi ya mimea, hata wavivu walitega sikio.

Siku moja Mwalimu aliingia na diski mpya ya nje, akaiweka mbele ya Chapuchapu.

"Nimepata programu ya bure ya kutengeneza nakala za akiba," alisema. "Inachukua kompyuta pepe nzima, kila kilichomo, na kuiweka kwenye diski hii. Seva ikiharibika, tunairudisha kama ilivyokuwa. Mimi nina kikao. Nimekwisha kuisakinisha. Wewe chagua kompyuta zote tatu, uanzishe kazi. Zikimaliza, jaribu kurejesha faili moja moja kutoka kila nakala, uone kama zinafunguka. Sawa?"

"Sawa, Mwalimu. Hilo dogo tu."

Kweli, mwanzo ulikuwa mdogo. Chapuchapu aliweka alama ya tiki kwenye majina yote matatu, akabonyeza kitufe cha kuanza. Kompyuta ya alama ilimaliza mapema. Ya maktaba ikafuata. Lakini ya sauti, iliyojaa rekodi za miaka, ilijikokota kama mtu aliyebebeshwa gunia la mawe. Uwanjani mechi ilikuwa imepamba moto, na kelele za wenzake zilipenya kwenye nondo. Akatazama kioo. Akatazama dirisha. Mwishowe alisimamisha kazi, akaondoa tiki kwenye kompyuta ya sauti, akaanzisha upya. Papo hapo programu ikatoa maandishi ya kijani: kazi imekamilika. "Hii ya sauti nitaifanya kesho," alijisemea, akafunga mlango.

Asubuhi Mwalimu alimkuta kwenye mstari.

"Vipi, zote tatu?"

"Zote tatu, Mwalimu."

"Na kurejesha umejaribu?"

"Nimejaribu. Zinafunguka."

Mwalimu alitabasamu, akampigapiga begani. Kesho ile ilipita, na iliyofuata pia ikapita. Kila jioni programu iliandika maneno yake ya kijani, naye akaanza kuyaamini kama vile hakuwa yeye aliyeondoa tiki ile.

Likizo ilipokaribia, Kinanda hakuonekana darasani. Alikuwa na ugonjwa wa seli mundu tangu utotoni, na wenzake walizoea kumwona akilazwa na kurudi. Safari hii hakurudi. Darasa zima lilikwenda msibani kwa sare za shule. Redio alishikwa mkono na Chapuchapu njia nzima, na kwa mara ya kwanza hakuwa na habari yoyote ya kusimulia.

Shule zilipofunguliwa, dawati la Kinanda lilibaki tupu. Kisha siku moja ya mvua umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Taa zilimulika kupita kiasi, na kwenye meza ya chuma kukasikika mlio mkali. Harufu ya plastiki iliyoungua ikatanda chumbani. Seva haikuwaka tena.

"Msihangaike," Mwalimu aliwaambia wanafunzi. "Nakala tunazo. Tutaazima kompyuta nyingine ofisini, tutarudisha vyote."

Alikuwa bado anazungumza hodi ilipobishwa mlangoni. Aliingia mwanamke aliyejifunga kitambaa cheusi kichwani. Wote wakasimama. Alikuwa Mama Kinanda.

"Karibu, mama," alisema Mwalimu. "Pole na msiba."

"Nimeshapoa, Mwalimu." Alibaki amesimama, mkoba wake ameukumbatia kifuani. "Nina ombi. Kwenye simu yangu nina picha za mwanangu tele, ila sauti yake sina. Sikuwahi kumrekodi. Unajua mtu yupo nyumbani kila siku, humrekodi wa nini? Sasa nimesikia huku alikuwa akiwasomea wenzake."

"Ndiyo, mama. Alisoma mengi. Seva yetu imeungua leo hii, lakini usiwe na wasiwasi. Nakala zipo. Njoo wiki ijayo, nitakupa zote."

Mama huyo alimshika Mwalimu mikono yote miwili, akashukuru mpaka machozi yakamtoka. Chapuchapu alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Alitaka kusema, ulimi ukagoma. Alipopata nguvu, mgeni alikuwa amekwisha kutoka.

"Mwalimu."

"Naam?"

"Ya sauti haimo."

"Haimo wapi?"

"Kwenye diski. Niliiondoa siku ile. Ilikuwa inachelewa. Nikasema nitaifanya kesho, na sikuifanya. Na sikujaribu kurejesha chochote. Nilikudanganya, Mwalimu."

Chapuchapu alitarajia kufokewa, na angeona afadhali. Mwalimu alivuta kiti akakaa, akafunika uso kwa viganja kwa kitambo.

"Hata mimi nina kosa," alisema hatimaye. "Nilipaswa kukagua kwa macho yangu. Lakini umeniacha nimpe mama mfiwa ahadi hewa, nawe umesimama hapo hapo."

Redio, aliyekuwa ameketi pembeni na vipokea sauti shingoni, alizungumza polepole. "Ungeniambia mimi. Ningekaa hapa niisubiri. Kusubiri nimezoea."

Maneno hayo yalimchoma Chapuchapu kuliko kofi.

Jioni hiyo Mwalimu na Chapuchapu walikwenda nyumbani kwa Mama Kinanda. "Nitakusindikiza," Mwalimu alikuwa amemwambia njiani, "ila mdomo utakuwa wako."

Walikaribishwa sebuleni. Ukutani palikuwa na picha ya Kinanda katika sare. Chapuchapu alipiga moyo konde, akaeleza yote bila kupunguza. Alipomaliza, Mama Kinanda aliinamisha kichwa.

"Basi hata hiyo nayo imekwenda," alisema.

"Nisamehe, mama."

"Leo sina jibu, mwanangu. Nikikuambia nimekusamehe, nitakuwa nasema tu." Alinyanyuka kuwafungulia mlango. "Nendeni salama."

Chapuchapu alilia njia nzima. Mwalimu hakumnyamazisha. Walipofika njia panda tu ndipo aliposema: "Seva imeungua, lakini diski yake ya ndani bado hatujaipima. Kuna fundi namfahamu, anaokoa data kwenye diski zilizoharibika. Hana miujiza. Lakini tusikate tamaa kabla hajaiona."

Fundi alikaa na diski ile siku kadhaa. Walipoitwa, waliikuta mezani kwake, imefunguliwa na kuunganishwa kwa nyaya nyembamba.

"Kompyuta pepe yenu ya sauti ilikuwa imehifadhiwa kama faili moja kubwa sana," alieleza. "Faili hilo limevunjika, siwezi kuliunga. Nimeokota vipande vya sauti vilivyobaki ndani yake. Vingi vimekatika, na vyote vimepoteza majina. Sijui nani ni nani, wala somo gani ni lipi. Mtu itabidi akae avisikilize vyote."

"Nitakaa mimi," alisema Chapuchapu.

Lakini vipande vilikuwa mamia, na sauti za watoto hufanana. Siku ya kwanza alichanganya wasomaji mpaka akavuruga orodha nzima. Alikuwa anafuta ili aanze upya aliposikia fimbo nyeupe ikigongagonga sakafu. Redio alivuta kiti.

"Sogea," alisema. "Bado nimekukasirikia. Ila masikio yako hayana kazi."

Kuanzia hapo, kila siku baada ya masomo walikaa wawili. Kipande kilichezwa, Redio akainamisha kichwa. "Huyu wa darasa la sita, yule mwenye mafua ya kudumu. Somo la maji." Chapuchapu aliandika jina. "Huyu simjui, rudisha nyuma." Akarudisha. Wakati mwingine walirudia sekunde zile zile mpaka feni ikaonekana kuzikariri. Uwanjani mechi zilichezwa na kuisha. Mara nyingi mkono wa Chapuchapu ulitaka kuruka mbele, lakini alijua kipande atakachokiruka huenda ndicho chenyewe. Akausubirisha.

Sauti ya Kinanda ilianza kujitokeza. Hapa nusu ya somo la mizizi, pale shairi lililokatika katikati, hapa kurasa chache za hadithi, kamili. Mara ya kwanza ilipotoka kwenye spika, Redio alishika ukingo wa meza. Chapuchapu aliacha ichezwe mpaka mwisho kabla ya kuandika chochote.

Kazi ilipokamilika, Mwalimu aliziweka rekodi zilizookolewa kwenye kompyuta pepe mpya ya sauti ndani ya seva iliyofanyiwa matengenezo, kisha akafungua programu ya nakala. Safari hii alikaa kando ya Chapuchapu. Walichagua kompyuta pepe zote, wakaacha kazi iendelee mpaka ya sauti nayo ikafika mwisho. Kisha Chapuchapu alirejesha rekodi kutoka kwenye nakala, akaifungua, akaisikiliza yote. Diski ilipelekwa kufungiwa kabatini ofisini, mbali na seva, ili janga moja lisizoe zote mbili.

Siku ya pili yake Mama Kinanda aliitwa. Chapuchapu alimweleza kwamba rekodi nyingi zimepotea na hazitapatikana, na kwamba zilizopatikana si zote kamili. Hakutafuta maneno ya kulainisha. Mama akaitikia kwa kichwa, akavaa vipokea sauti.

Alisikiliza hadithi, macho ameyafumba. Alisikiliza shairi. Kisha kikaja kipande kifupi ambacho Redio alisisitiza kisitupwe, ingawa hakikuwa na somo lolote ndani yake. Kinanda alikuwa ameteleza kwenye neno, akalirudia, akateleza tena, halafu akapasuka kicheko. "Jamani, ulimi wangu leo umelala," alisema katika rekodi ile, akiwa bado anacheka. "Ngoja ninywe maji."

Mama Kinanda alifumbua macho. Mkono wake ulikuwa mdomoni, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka, hata yeye huenda hakujua. "Ndivyo anavyocheka," alisema. "Ndivyo hasa. Nilikuwa nimeanza kukisahau kicheko hiki."

Akakirudia mara nyingine, na nyingine. Mwalimu alimhamishia rekodi zote kwenye simu, akamwandalia na nakala ya pili kwenye kadi ya kumbukumbu. Ndipo Mama alipomgeukia Chapuchapu.

"Siku ile ulipokuja kwangu nilikosa jibu. Leo ninalo. Nimekusamehe, na sasa sisemi tu." Alimvuta karibu. "Lakini nisikilize, mwanangu. Ulipoiacha kazi ile, hukujua ni ya nani. Uliona rekodi, uliona kitu kinachochelewesha mchezo. Humo ndani alikuwamo mtoto wangu. Kazi nyingi utakazopewa maishani zitakuwa hivyo hivyo: mwenyewe humwoni, wala hujui atakuja lini kuuliza. Basi ukisema umemaliza, uwe umemaliza kweli. Na kama bado, sema bado. Hakuna aliyekufa kwa kuambiwa bado."

"Nimesikia, mama."

"Na wewe mwenye masikio," alimwambia Redio, akimshika bega, "asante. Utakuja nyumbani siku moja unieleze alikuwa akiwasomea nini kingine, hivyo vilivyopotea."

"Vingi ninavikumbuka, mama," Redio alijibu. "Vingine kwa moyo, neno kwa neno."

Mama Kinanda alikaa tena kwenye kiti, akaweka mkoba sakafuni.

"Basi anzia hapa hapa," alisema. "Nina muda."

Chapuchapu alikwenda akaizima feni iliyokuwa ikipiga kelele, akarudi kuketi nao, na Redio akaanza kusimulia.